Sura ya Sita: Sinia la Mkunguni

Majina ya siku tuliyorithi kwa wazee wetu yamehifadhi hesabu ambayo kalenda ya ofisini imeisahau. Jumamosi ni ya mosi baada ya Ijumaa, Jumapili ni ya pili, na Alhamisi na Ijumaa, ambazo zimebaki na majina yake ya Kiarabu, ndizo zinazofunga juma. Hivyo mtu wa Amu, yaani Lamu, aliyefunzwa na mamaye kuhesabu siku namna hiyo, na ambaye riziki yake hutoka katika ofisi inayofunga milango Jumamosi na Jumapili, huishi katika majuma mawili kwa wakati mmoja, juma la msikiti na juma la mshahara, na kila moja lina karamu yake. Karamu ya juma la msikiti ni pilau au biriani ya Ijumaa, inayoteremshwa mekoni wakati wanaume wanarejea kutoka salani, ikaliwa nyumbani juu ya mkeka, watu wamelizunguka sinia kwa hirimu zao. Karamu ya juma la mshahara ni changa zaidi, nayo haina nyumba: huliwa nje, Jumamosi jioni, usiku ambao kwa hesabu ya wazee ni wa Jumapili madhali usiku hutangulia mchana wake, katika uwanja wa Mkunguni mbele ya ngome. Sura hii nimeiweka kwa ajili ya chakula hicho cha uwanjani, ambacho baadhi ya wazee wangu walikiona kuwa ni upungufu wa murua, na ambacho mimi, baada ya kukila miaka mingi na kukifikiri, nakiona kuwa ni ule ule ukarimu wa nyumbani uliotafuta nafasi kubwa zaidi ya kukaa.

Asiyeujua mji na auone hivi. Amu imeelekea matlai, ikitazamana na kisiwa cha Manda ng'ambo ya mkondo, kwa hiyo jua la magharibi huzama nyuma ya nyumba, na kivuli cha ngome huufunika uwanja mapema ilhali mikoko ya Manda bado yang'ara. Ngome hiyo ilianza kujengwa mwaka 1813, baada ya watu wa Amu kuwashinda Wamazrui wa Mombasa na wenzao wa Pate katika vita vya Shela, ikamalizika mwaka 1821 chini ya himaya ya Sayyid Said wa Oman. Tangu 1910 hata 1984 ilikuwa jela, kisha ikakabidhiwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na mwaka 2001 mji mkongwe wote ukatiwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mtu wa umri wangu aukumbuka uwanja ukiwa mbele ya jela. Watu walipita, waliuza, walibarizi chini ya miti, punda walifungwa na kufunguliwa, lakini hapakuwa mahali ambapo mtu angemleta shangaziye kula. Leo, baada ya sala ya magharibi, taa huwashwa juu ya meza, makaa hupepewa, moshi hupanda mbele ya ukuta ule ule mpaka kwenye matundu yake ya juu, na watoto hukaa safu moja juu ya baraza na sahani mapajani, miguu ikining'inia.

Baba yangu hakupata kula njiani maisha yake yote. Hata kahawa chungu, ambayo kila mwanamume wa Amu huinywa barazani bila ya kuona haya, aliinywa ameketi, mgongo ameuegemeza, kana kwamba baraza ile ni sehemu ya nyumba yake. Na alipoona kijana anatembea huku akitafuna, alikuwa akigeuza uso kwa staha, mfano wa mtu aliyemwona mwenziwe hali hajavaa vizuri. Zamani nilidhani kuwa hayo ni maringo ya watu wa nyumba za mawe. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipofahamu sababu, nayo ina uadilifu ndani yake: chakula kinachoonekana huzusha haki. Jicho likikiona, au pua ikiipata harufu yake, mwenye jicho na mwenye pua wamekwisha kuwa na fungu, na mlaji hana budi ama kuwakaribisha ama kubeba lawama. Basi mtu mwenye staha, ambaye hana uwezo wa kuwalisha wapita njia wote, hula ndani asiwaonjeshe watu tamaa bure.

Nyumba kongwe za mtaa wa Mkomani zilijengwa kwa fikira hiyo. Mgeni hupokewa katika daka, mlangoni. Nyuma yake ipo tekani, kisha kiwanda kilicho wazi kwa mbingu, kisha misana na ndani, kila chumba kikizidi sitara kuliko kilichotangulia, na meko yako juu kabisa, kidarini, ambako moshi na harufu huchukuliwa na upepo wa kusi au wa kaskazi kupita juu ya vichwa vya jirani. Chakula kilishuka ngazi kumfuata mgeni. Mgeni hakupanda kukifuata chakula, sembuse kutoka nje kwenda kukinunua. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, hakuitaja Amu, lakini ametuachia habari za mapokezi aliyoyapata Mogadishu, katika bahari hii hii upande wa kaskazini: kwa siku tatu aliletewa chakula kutoka kwa Sultani, wali uliopikwa kwa samli ukiwa juu ya sinia kubwa la mti, pamoja na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, na ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa mgando yenye achari ya ndimu na pilipili, na tangawizi mbichi, na embe. Msafiri mkubwa kuliko wote wa zama zake alikula hivyo bila ya kufungua mkoba. Sisomi habari hizo bila ya kuhisi njaa, na bila ya kuijua ile achari, kwa kuwa achari ya embe na ya ndimu ingali ikianikwa kwenye sakafu za Amu, na nyumba isiyokuwa na chupa yake kabatini bado haijakamilika.

Basi siku moja ya likizo nilimwambia shangazi yangu kwamba jioni hatutapika, tutakula Mkunguni. Ni mwanamke aliyepita umri wa miaka sabini, mpishi ambaye mkono wake ulitafutwa katika harusi za mitaa miwili, na hajawahi kula chakula kilichopikwa na mtu asiyemjua. Alinitazama kitambo, kisha akauliza, "Na wapishi hao ni wana wa nani?" Nilipomtajia wa kwanza na wa pili alitikisa kichwa, maana aliwajua bibi zao, nilipomtajia mwoka mofa akasema, "Huyo kwao walijua mtama," akavaa buibui lake, tukashuka, yeye na mimi na wajukuu wawili waliotangulia mbio.

Mkate wa mofa unastahiki kuelezwa kwa utulivu, kwa sababu hauwezi kufanywa kwa haraka. Mofa ni tanuri la udongo mfano wa mtungi mkubwa usiokuwa na shingo, lililokandikwa kwa nje ili lishike joto. Moto huwashwa ndani yake na kuachwa uwake mpaka makaa yametulia na kuta zimegeuka rangi, na mwokaji halipimi joto hilo kwa chombo chochote ila kiganja, akikiweka juu ya mdomo wa tanuri na kukiondoa. Unga ni wa mtama, umekandwa tangu mchana na kuachwa uumuke, nao ni mzito wenye ukali kidogo puani. Mwokaji huchovya mkono wa kuume majini, akatwaa donge, akalipiga baina ya viganja mara tatu au nne mpaka limekuwa duara nene, kisha huuingiza mkono mpaka kiwikoni na kuubandika mkate ukutani kwa kishindo kimoja chepesi, na kuutoa kabla moto haujapata kuujua. Tulimtazama akibandika mikate kumi hivi, mmoja karibu na mwenziwe, pasipo kugusana, kisha akafunika. Nywele za mkono wake zilikuwa zimekwisha zamani. Alipofunua, alichokoa kila mkate kwa ncha ya chuma na kuudaka kwa mkono wa kushoto, akiurusharusha. Upande ulioshika ukuta ulikuwa mkavu wenye madoa meusi, na upande wa pili laini, umejaa vitundu vidogo ambavyo vilikuwa vingali vikitoa mvuke.

Shangazi aliupokea wa kwanza, hakuula. Aliupasua kati kwa vidole gumba viwili, akautazama ndani, akaunusa, kisha akawageukia watoto na kuwauliza kama wajua ni nani aliyeokolewa na mkate. Hawakujua. Akawasimulia hapo hapo, amesimama kwenye mwanga wa taa ya muuzaji, habari za Fumo Liyongo, alivyofungwa gerezani Pate, na mamaye alivyotia tupa ndani ya mkate wa wishwa, na walinzi walivyonyang'anya vyakula vyote vizuri alivyoletewa, wakaudharau ule wa wishwa na kumwachia, naye akaikuta tupa, akakata pingu zake. Kisa hicho kilitungiwa utendi na Muhamadi Kijumwa, mwenyeji wa Amu, mwaka 1913, lakini shangazi hakukipata kitabuni. Alikipata kwa nyanya yake, mekoni, wakati wa kuchambua mchele. Kijana mwokaji aliyekuwa akisikiliza aliacha mikate yake miwili ikaungua, na hakuonyesha kusikitika.

Kisa kile kilinifumbua jambo kuhusu mtama. Katika nyumba zetu chakula cha heshima kilikuwa wali, na mgeni aliyepakuliwa mkate wa mtama angalifikiri kwamba ametiwa katika daraja ya chini. Mofa ilikuwa ya watu wa kazi, wa mashamba na wa vyombo. Leo wali upo kila nyumba, wa kununuliwa dukani kwa magunia, na mtama umekuwa adimu mpaka tunautokea nje usiku na kuulipia kama kitu cha anasa. Mimi sioni ubaya. Ulimi una haki ya kukumbuka kile ambacho mikono imeacha kukifanya.

Mishikaki ya Mkunguni huchomwa hatua chache kutoka penye mofa, nayo yaendana na mkate huo mfano wa mpini na jembe. Nyama ya ng'ombe hukatwa vipande vidogo, vidogo kuliko vya Mombasa, hukandwa kwa tangawizi, thomu, chumvi, pilipili na papai bichi ambalo huivunja ugumu wake, ikalala hivyo saa nyingi. Kisha hutungwa katika vyuma, vipande vitatu vya nyama na kimoja cha shahamu, na hiyo shahamu ndiyo inayodondoka juu ya makaa na kuurudishia mshikaki moshi wake wenyewe. Mchomaji hakuacha kupunga kipepeo chake cha ukindu hata alipokuwa akirudisha chenji. Juu yake humiminwa ukwaju uliokamuliwa mzito, na hapo mtu hukunja mkate, huibana nyama ndani, akauchomoa mshikaki mtupu. Viazi vya karai vilivyovikwa unga wa dengu, bajia, sambusa, kachiri za muhogo, samaki wa kukaanga na vipande vya pweza vilikuwapo vyote, na watoto walivitembelea kwa zamu. Kambakoche hakuwapo. Wavuvi wa Kizingitini humtoa katika miamba kwa kuzamia, lakini aghalabu hununuliwa akapelekwa Mombasa na kwenye mahoteli, hata mtoto wa visiwa hivi aweza kufika balehe hajui ladha yake. Na hilo lanihuzunisha kila ninapolifikiri.

Sikatai kwamba ipo miji iliyotengeneza jambo hili kwa ukubwa zaidi. Unguja wanayo Forodhani, bustani iliyofunguliwa mwaka 1936 kwa jubilii ya miaka 25 ya Sultani Khalifa bin Haroub na kutengenezwa upya mwaka 2009, ambako kila usiku wapishi hupanga meza zao mkabala wa bahari. Nairobi wanayo majumba ya maduka ambayo orofa nzima imetengwa kwa ajili ya kula, vyakula vya mataifa kumi chini ya dari moja, na mtu huchukua trei yake akatafuta kiti. Nimekula huko na kufurahi. Yapo maji ya kunawa, vipo vyoo, na mwanamke hukaa na wanawe kwa raha bila ya kutafutiwa pembe, mambo ambayo Mkunguni tungali twayadaiwa na ni wajibu tuyatengeneze. Lakini kila trei ina mwenyewe. Nimekaa huko meza moja na mtu nusu saa, viwiko vyetu vikikaribia kugusana, na hakuna aliyemwambia mwenziwe karibu, wala hakuna aliyeona kuwa amekosa adabu.

Miaka ambayo uwanja ulizimika ndiyo iliyonifahamisha thamani yake. Mwaka 2014, baada ya mashambulio ya Mpeketoni ya mwezi wa Juni, serikali iliweka mwezi wa Julai amri ya kutotoka nje usiku katika kaunti nzima ya Lamu, na uvuvi wa usiku ukakatazwa pamoja nayo. Mwezi ule ulikuwa Ramadhani. Mji ambao katika Ramadhani huamka usiku, ambao watu wake hutoka tarawehe wakatawanyika barazani kwa kaimati na uji na kahawa mpaka karibu na daku, ulifunga milango yake; na yule ambaye mtaji wake ni gunia moja la makaa na ratili chache za nyama hakuwa na mchana wa kumfidia, kwani nani atakula mishikaki mchana wa Ramadhani? Tangu Machi 2020 mpaka Oktoba 2021 ikaja amri nyingine ya usiku, ya nchi nzima, kwa sababu ya Korona. Wachuuzi wawili niliowazoea hawakurudi tena. Mwoka mofa alirudi, na yanibidi niseme kwamba usiku wa kwanza nilipouona moshi wake unapanda mbele ya ngome nilisimama pale pembeni nikashindwa kwenda mbele kwa muda.

Turudi kwa shangazi. Tulipata nafasi barazani chini ya mti, ukuta ukiwa nyuma yetu, nikaweka kati yetu sinia dogo la bati tuliloazimwa, na juu yake mikate minne, mishikaki, samaki mmoja aina ya changu, bakuli la ukwaju, na embe mbichi iliyotiwa chumvi na pilipili. Alinawa kwa maji ya chupa, akaivuta pembe ya buibui, akasoma bismillahi, akamega. Alitafuna polepole, macho ameyainamisha, nasi tukangoja hukumu kama wanachuo mbele ya mwalimu. "Mtama umesagwa vyema," akasema. "Ukwaju wataka chumvi." Kisha akaendelea kula, na nilijua kwamba hakuna mpishi mwingine mjini aliyepata sifa kubwa kuliko hiyo kutoka kwake.

Hapo akapita kijana mmoja mwenye kikapu begani, suruali imelowa mpaka magotini, bila shaka ametoka chomboni. Hatukumjua, naye hakutujua. Mfano wa mtu aliye katika daka la nyumba yake, shangazi aliinua mkono wenye mkate na kusema, "Ndoo, ule." Kwa ada yetu mpita njia hujibu kwa shukrani akaendelea na safari yake, na pande zote mbili huwa zimetimiza wajibu. Kijana alijibu, "Ahsante, mama, niko starehe," akapiga hatua mbili, kisha akarudi, akachutama mbele ya sinia, akamega kipande kidogo kwa vidole vitatu, akakichovya katika ukwaju na kukila. Alikubali kwa kichwa. Akafungua kikapu chake, akatoa fungu la bajia lililofungwa kwa gazeti, bado zina moto, akalimwaga katikati ya sinia letu, na watoto wakajongea kumpisha akae.

Tulimaliza kwa halua na kahawa, halua nyeusi yenye zafarani na iliki ambayo hutakiwa kuchukuliwa kidogo kwa ncha za vidole, na kahawa kutoka katika dele lililokaa juu ya makaa yake, muuzaji akigonganisha vikombe kwa mdundo unaosikilikana mpaka ufukoni. Adhana ya isha ilikuwa imekwisha pita na watu wa salani wameanza kurudi, wakisimama kwa makundi mbele ya moshi. Shangazi alijifuta mikono, akainuka kwa kunishika bega, akaenda mwenyewe mpaka penye mofa. Aliagiza mikate miwili ifungwe, iwe ya moto, kwa ajili ya jirani yetu wa ukuta wa pili ambaye ni mgonjwa na hatoki. Kwa kuwa, alisema, tutakapoingia nyumbani nguo zetu zitanuka mofa, na yule ataisikia harufu.